Siku Hajja Alipokalia Maharagwe

Swali la kwanza nililouliza kazini lilikuwa hili: kwa nini kikapu hiki tunakiita jiko wakati hakina moto? Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya usanifu wa bidhaa, na nilidhani kuuliza ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya. Msimamizi wetu alinitazama, akanipa mkasi, akasema, "Karibu Kawangware, Mwende. Anza na hizo sponji."

Nawaandikia ninyi mlioingia karakana baada yangu. Nimestaafu mwezi huu, kabla ya umri wenyewe, kwa sababu mgongo wangu ulistaafu kwanza ukaniacha nikiendelea peke yangu. Sitawasimulia vyeo. Sikupanda sana, na ngazi yenyewe ilikuwa fupi. Nataka kuwaeleza habari za kikapu, kwa sababu wengi wenu mnaamini kwamba bidhaa ikiwa nzuri kwa miti na kwa mapafu ya watu, basi watu wataitaka. Mimi sikuwahi kuamini hivyo, na bado nilishangaa.

Kikapu chenyewe kilikuwa rahisi. Unachukua kikapu kipana, unakitandika kwa ndani sponji zilizobaki kwenye maduka ya magodoro na vitambaa ambavyo mafundi wa mitumba walikuwa wakivitupa mtaroni, kisha unashonea mfuniko mnene kama mto. Mpishi anachemsha maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha kwa nusu saa hivi, anaepua sufuria ikiwa bado inatokota, anaitumbukiza ndani, anafunika. Joto linabaki humo na chakula kinaendelea kuiva chenyewe mpaka mchana. Makaa yanayobaki ni akiba ya kesho. Hakuna moshi, hakuna kuungua, hakuna kukaa mlangoni ukipuliza.

Aliyenifundisha kukishona alikuwa Kamau, fundi cherehani aliyekuwa ameacha kushona sare za shule ili aje kwetu. Aliishi hapo hapo Kawangware na mke wake Wanjiru na mapacha wawili wa kike. Alinifundisha kukata sponji kwa kisu chenye meno bila kuigandamiza, na kuacha pindo nene chini ya mfuniko, kwa sababu joto hutoroka pale ambapo fundi alikuwa na haraka. Aliniita Injinia, ingawa nilimwambia mara nyingi kwamba mimi si injinia.

"Basi nikuite nani?" aliuliza. "Mtu anayeuliza maswali na hashoni ni nani?"

Kamau alikiamini kikapu kuliko walivyokiamini waliokibuni. Mimi nilikitilia shaka kila Jumatatu. Tulielewana vizuri sana.

Kwenye karakana kikapu hakikushindwa hata mara moja. Tulikipima kwa kipimajoto, tukapika maharagwe, ndengu, mchele, hata kwato. Tulifunika, tukaweka tofali juu ya mfuniko kwa sababu paka wa jirani alikuwa na tabia ya kufunua, kisha tukaenda kufanya kazi nyingine. Tuliporudi chakula kilikuwa kimeiva. Tulijaza majibu, tukampelekea msimamizi, naye akawapelekea wafadhili. Hakuna aliyeandika habari za tofali. Kwetu tofali lilikuwa dawa ya paka.

Kisha tukaenda kuuza.

Wapishi wa Kibera hawakukikataa kikapu kwa ujinga, kama kijitabu kimoja cha wafadhili kilivyodokeza. Walikuwa na hoja, na nyingine zilinishinda. Huko Kianda mama mmoja alisikiliza maelezo yangu yote mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa nitajuaje imeiva kama siwezi kufunua?" Nilimwambia asubiri tu. Akawatazama wenzake. "Huyu hajawahi kupikia watu wenye njaa."

Mwingine wa Laini Saba alisema, "Na mgeni akikuja apate nimefungia chakula ndani ya kikapu, si atasema namficha?" Wote waliokuwepo waliitikia kwa mguno. Kwao kumficha mgeni chakula ni aibu ambayo itazunguka mtaa mzima kabla ya jua kutua. Mafunzo yetu hayakuwa na ukurasa wa aibu.

Na wa tatu, ambaye sikumsikiliza vya kutosha, alipima chumba chake kwa macho, kitanda, meza, ndoo za maji, akasema, "Hiki kitu nitaweka wapi? Nikikinunua, mzee alale nje?" Watu walicheka, nami nikacheka nao, tukaendelea na mengine.

Baadhi walinunua, pengine kwa kumhurumia Kamau, ambaye alijua kuongea. Baada ya miezi kadhaa tulipita kuona jinsi vinavyotumika. Kikapu kimoja kilikuwa na nguo za mtoto. Kingine kilikuwa na unga. Cha tatu kilikuwa na kuku aliyeatamia, na mwenye kuku alinihakikishia kwamba kinahifadhi joto vizuri kabisa. Nilianza kuuliza kwa sauti kama tusifunge mradi. Msimamizi aligeukia makaratasi yake, jambo lililomaanisha kwamba naye alikuwa akijiuliza.

Mteja wetu mgomvi kuliko wote alikuwa Hajja, mama wa Kinubi mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha pale Kambi Muru, humo humo Kibera. Babu yake alikuwa askari Msudani aliyepewa ardhi hiyo ikiwa msitu, na Hajja aliizungumzia kana kwamba aliufyeka yeye. Kikapu chake alikuwa amekijaza mitandio. Alilalamika kwamba mfuniko haukai sawa. Ndiyo maana, wakati wa uchaguzi ule uliozua vurugu, karakana ikiwa imefungwa kwa sikukuu na watu wote wakiwa wamekaa tu wakisubiri matokeo, Kamau alisema twende tumpelekee Hajja mfuniko mpya.

"Hata sikukuu unafanya kazi?" nilimuuliza.

"Injinia, huyu mama akikasirika ananikasirikia mimi. Wewe anakuogopa kwa sababu umesoma."

Tulikuwa uani kwake jioni matokeo yalipotangazwa redioni. Kisha kelele zikaanza upande wa reli, zikaja upande wetu, na moshi ukainuka mahali pawili, halafu sehemu nyingi. Hajja alifunga geti la mabati kwa mnyororo. Tulipotaka kutoka alitutazama, mmoja mmoja.

"Wewe wa Machakos unaweza kujaribu kesho au kesho kutwa," aliniambia. Kamau hakumpa siku. Alimshika mkono akampeleka chumba cha ndani, ambacho mlango wake uko nyuma ya chumba chake mwenyewe, na akavuta kitanda kuuziba.

Sitawaeleza siasa za siku hizo. Wapo watakaowaeleza, kila mmoja kwa namna yake. Niwaambie tu kwamba jina la mtu lilitaja kabila lake: langu lingeweza kupita njiani kwa maswali machache, na jina la Kamau lilikuwa halipiti kabisa. Ndani ya chumba kile waliongezeka wapangaji wawili wa Hajja, ndugu waliokuwa wakiuza viatu soko la Toi, nao majina yao hayakuwa yakipita. Wote watatu hawakukohoa bila kwanza kuzika uso kwenye mto. Wanjiru alikuwa Kawangware na mapacha, na huko nako tulisikia nyumba zinachomwa. Simu ya Kamau ilikuwa na chaji kidogo na haikuwa na kredo ya kuongea, wala yangu. Duka lililokuwa likiuza kredo lilikuwa limeungua.

Tatizo la kwanza la Hajja lilikuwa chakula, na si kukipata. Alikuwa na gunia la maharagwe na mchele wa kutosha. Tatizo lilikuwa kukipika.

"Hawa vijana wanaopita hawatafuti kwa masikio," alinong'ona. "Wanaangalia sufuria. Mimi naishi peke yangu, na mgeni wangu ni wewe. Wakiona napikia wanaume watatu, watauliza wako wapi."

Na palikuwa na wa kuuliza. Kulikuwa na kundi lililopita ploti kwa ploti mara mbili tatu kwa siku, likihesabu sahani zilizoanikwa na kuchungulia majiko mlangoni. Majirani wa mtaa wa pili walikuwa wamejulikana kwamba wanaficha watu kwa sababu ya ugali uliokuwa mkubwa mno. Tena makaa yalikuwa yakiisha, kwa sababu hakuna lori lililokuwa likiingia.

Nilikitazama kikapu kilichojaa mitandio. Nilisema, bila matumaini mengi, kwamba tungeweza kuchemsha sufuria kubwa alfajiri, ndani ya chumba, wakati mtaa mzima unawasha majiko na moshi ni wa wote, kisha tuifungie. Mchana kutwa mlangoni pangekuwa na jiko dogo na birika la chai ya watu wawili.

"Na itaiva?" Hajja aliuliza.

"Kwenye karakana iliiva."

"Mimi sikuuliza karakana."

Siku ya kwanza haikuiva. Jioni maharagwe yalikuwa yanagonga meno. Kamau, ambaye alikuwa amehubiri habari za kikapu kile Kibera nzima, alitafuna kwa muda mrefu. Mmoja wa wale ndugu alimwambia kwa kunong'ona, "Fundi, hii ndiyo ulikuwa unauzia watu?" Tulicheka kwa matumbo bila sauti, na nadhani ndicho kicheko kigumu zaidi nilichowahi kucheka.

Kisha tukaulizana nani alifunua. Hajja alikuwa amefunua, kuonja chumvi. Mimi nilikuwa nimefunua kuona kama panatokota, mimi niliyewaambia wanawake wa Kianda wasubiri tu. Kamau alikuwa ametoka kwenda haja kabla hakujakucha vizuri, akafunua njiani. Kila mmoja mara moja, kidogo tu. Joto lote lilikuwa limetoka kwa hizo kidogo-kidogo. Ndipo nilipoliona lile tofali la karakana, kana kwamba liko mbele ya macho yangu, juu ya mfuniko. Hatukuwahi kupima kikapu. Tulikuwa tumepima kikapu na tofali.

Asubuhi iliyofuata tulichemsha upya, tukafungia, na Hajja akaweka ule mfuniko mpya wa Kamau, akatandika mkeka mdogo juu yake, akakaa.

"Sasa nani atafunua?" alisema.

Alikaa hapo mlangoni kutwa nzima, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, akisuka kawa la kufunikia vyakula kwa nyuzi nyekundu na kijani. Aliposimama kwenda kuswali nilikaa mimi. Mchana maharagwe yalikuwa laini, yamejitengenezea mchuzi mzito. Wale ndugu walikula bila kusema neno kuhusu fundi yeyote. Tuliendelea hivyo siku zilizofuata, na siku mojawapo kundi liliingia.

Walikuwa watano, na geti walilifungua kwa kulitikisa tu. Mmoja alikuwa na chuma cha reli, kwa maana reli yenyewe ilikuwa imeng'olewa. Wa mbele, aliyeitwa Toni, nilikuwa nimemwona siku za nyuma akimletea Hajja maji kwa mkokoteni.

"Hajja, habari ya leo," alisema.

"Ya leo ni kama ya jana. Mnatafuta nini?"

"Tunaangalia tu. Tumesikia uko na wageni."

"Mgeni ndiyo huyu." Alininyooshea sindano yake. "Alikuja kuniuzia kikapu, akashindwa kurudi kwao. Mchukueni kama mnamtaka, anauliza maswali mpaka naumwa kichwa."

Waliomba kitambulisho changu, wakakisoma, wakakirudisha. Mwenye chuma aliinua kifuniko cha birika, akaona chai, akakirudisha. Alihesabu vikombe. Vilikuwa viwili. Aliangalia chumba cha Hajja kutoka mlangoni: kitanda, sanduku, msala wa kuswalia. Nyuma ya kitanda kile watu watatu walikuwa hawapumui, na chini ya Hajja palikuwa na sufuria ya kulisha harusi ndogo.

"Na hapo shosh umekalia nini?" aliuliza, akimwita bibi kimtaani.

"Kiti. Unataka unipe chako?"

"Inuka kidogo tuone."

Hajja aliendelea kusuka mpaka mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno, kisha akamtazama Toni, si yule mwenye chuma.

"Toni, mimi nilikuogesha kwenye karai mama yako akiwa kazini. Magoti yangu unayajua. Mimi nikiinuka nainuka kwenda choo, na siinuki mara mbili. Kwa hivyo njoo uniinue. Unibebe mpaka choo, unisubiri, unirudishe. Na huyu rafiki yako ashike ndoo ya maji."

Wale wa nyuma walianza kucheka. Mmoja alisema, "Toni, beba shosh," na mwingine akasema, "Usisahau kumpanguza." Toni alitazama chini. Mwenye chuma alibaki peke yake na sura ya kazi, na sura hiyo haina raha wenzako wakicheka.

"Wachana naye, twende," Toni alisema.

Walipotoka, Hajja hakusogea. Nilimwambia wameenda. Akasema, "Najua wameenda. Sasa kweli siwezi kuinuka."

Kuwatoa wale watatu ilikuwa kazi ya msiba. Mzee mmoja wa Kinubi alikufa kwa ugonjwa wake wa siku zote, siku moja ambayo mtaa ulikuwa umetulia kidogo, na wanaume wa msikiti wakaja kumbeba. Jeneza kwao hubebwa kwa kupokezana. Yeyote aliyepo huingiza bega, akapokewa, akaingiza tena mbele. Hajja aliongea na wawili kati ya wazee. Kamau na wale ndugu walipewa kofia na kanzu, wakaingia chini ya jeneza pale uchochoroni, na msafara ukapita katikati ya vijana wale wale, ambao walivua kofia zao na kusogea. Hakuna anayemuuliza kitambulisho mtu aliyebeba maiti. Makaburini walizika pamoja na wengine, kisha wazee wangewasindikiza mpaka barabarani, na kutoka hapo Kamau angeshika njia ya Kawangware kwa miguu.

Wanawake hawaendi makaburini, kwa hivyo mimi na Hajja tulibaki. Tulikuwa tumekubaliana na Kamau jambo moja: akifika, akimkuta Wanjiru na mapacha, aniflashi. Mlio mmoja, akate. Chaji yake ingetosha kwa hilo. Simu yangu niliiweka juu ya mkeka kati yetu. Hajja alikaa juu ya kikapu, kwa mazoea tu, maana siku hiyo ndani yake mlikuwa na wali wa watu wawili.

Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaadhiniwa. Niliuliza kama huenda njia imefungwa. Niliuliza kama huenda alikuta nyumba haipo. Niliuliza kama kanzu ilimtosha mabegani.

"Mwende," Hajja alisema, "kwani chuo walikufundisha kuuliza tu? Hawakufundisha kungoja?"

Simu ililia mara moja, ikakata.

Hajja aliitazama simu kama anayetaka kuhakikisha haitabadilisha maneno, kisha akasema alhamdulillahi, akanipa mkono nimwinue, na safari hii akainuka kama msichana. Tulikula wali wote.

Karakana ilifunguliwa tena wiki kadhaa baadaye. Kamau alikuwa wa kwanza kufika, amekonda, ana funguo mkononi. Wanjiru na watoto walikuwa wamelala kanisani muda wote. Nyumba yao ilibaki, ila mlango. Kamau alienda moja kwa moja kwenye meza ya kukatia. Alikata mfuniko mpya, akaujaza sponji ngumu ile ya viti vya magari, akaufunga kwa ngozi bandia, akaweka ubao mwembamba chini yake. Kisha akakaa juu.

"Hii, Injinia, itakuwa kiti," alisema. "Chumba kidogo hakina nafasi ya kikapu. Lakini ya kiti hakikosi, kwa sababu hata mgeni anataka kukaa."

Nilimuuliza maswali kadhaa, na alijibu mengi. Hivyo ndivyo vilivyoanza vigoda mnavyovishona leo. Wateja walivinunua kwa sababu vilikuwa viti, na wengi walianza kupikia baadaye, polepole, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari kimefunikwa na mtu amekikalia, na hakuna aliyehitaji kufunzwa kusubiri. Wengine hawakupikia kamwe. Nilikuwa nikiwahesabu hao kama kushindwa. Siku hizi nawahesabu kama watu walioketi.

Wafadhili walisikia habari za Kambi Muru, sijui kutoka kwa nani. Walituma mtu na kamera. Alitaka kuandika habari ya kikapu kilichookoa maisha, picha ya Kamau akikikumbatia, kichwa cha habari tayari kimeandikwa. Msimamizi alifurahi sana, kwa sababu mradi ulikuwa bado unaning'inia na picha kama hiyo ingeutia nguvu. Mimi nilijua ingeutia nguvu, na nilikuwa natafuta namna ya kuuliza kama ni kweli.

Kamau alimsikiliza yule mtu kwa heshima mpaka mwisho, akavua subana aliyoivaa kidoleni kushonea.

"Ndugu yangu, andika vizuri," alisema. "Aliyeniokoa ni Hajja. Kikapu andika kwamba kilipika."